Somo la 9: Kicheko Katika Nyumba ya Dagoni

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Waamuzi 3:12–30, Waamuzi 11:29–40, Waamuzi 16:21–31, Waamuzi 19, 2 Wafalme 2:23–25, Nehemia 8:1–12, Marko 15:16–20, Luka 22:63–65.

Fungu la Kukariri: Nehemia 8:8. Likariri kutoka katika Biblia yako mwenyewe.

Katika nchi za Ulaya na Marekani kuna vipindi vya sauti vya mtandaoni, yaani podikasti, ambavyo wachekeshaji wawili au watatu huketi mbele ya kipaza sauti, hufungua Biblia, huchagua kisa kikali, hukisoma kwa sauti na kukatiza kila fungu kwa mzaha. Vijana wanaojua Kiingereza huvisikiliza kwenye simu zao. Hata asiyejua Kiingereza amekwisha kutana na jamaa wa vipindi hivyo, kwa kuwa mchekeshaji wa Afrika Mashariki hajapata kuliogopa kanisa. Sauti ya mhubiri, mwendo wa mzee wa kanisa, namna ya kuomba sadaka: hayo yote yamechezwa jukwaani toka Nairobi hadi Dar es Salaam. Na wapo waliovuka kutoka upande ule kuja huku. Emmanuel Mgaya, ambaye Watanzania walimpenda kwa jina la Masanja Mkandamizaji katika Ze Comedy na Orijino Komedi, alikuwa baadaye mwimbaji wa nyimbo za Injili na mhubiri. Mpaka kati ya mimbari na jukwaa la vichekesho si mpana kama wengi wanavyodhani.

Mfikirie kijana wa kanisa mmojawapo mjini Mtwara. Amejaliwa sauti nzuri, na kila anapopangiwa kusoma Fungu Kuu watu hutulia. Rafiki zake aliosoma nao sekondari wameanzisha podikasti ya vichekesho katika chumba cha kupanga kule Chikongola, na wamemwomba awe msomaji wao. Hawamtaki atukane. Wanachotaka ni asome kwa uzito uleule anaosomea kanisani, kisha wao watafanya kazi yao. Kisa cha kwanza walichochagua ni Waamuzi 19. Kijana hajawajibu. Amekwenda kwa mwalimu wake wa Shule ya Sabato kuomba shauri.

Mwalimu amjibu nini? Jibu la haraka ni Zaburi 1:1, na kijana huyo analijua fungu hilo tangu utotoni. Juma hili tutafute jibu linalokwenda mbali zaidi ya hapo.

JUMAPILI
Sura Zisizosomwa

Washiriki wengi wamekaa kanisani miaka 20 au 30 bila kusikia Waamuzi 19 ikisomwa kwa sauti hata mara moja. Wamesikia juu ya Gideoni na mitungi, Debora chini ya mtende, Samsoni na simba. Kitabu kikikaribia mwisho, msomaji hurukia Ruthu.

Matokeo yake ni kwamba kijana aliyelelewa katika Shule ya Sabato hukutana na kisa cha suria wa Mlawi kwa mara ya kwanza kinywani mwa mtu anayekicheka. Hapo hujiuliza maswali mawili kwa pamoja. La kwanza ni hili: kwa nini jambo hili limo katika Biblia? La pili huuma zaidi: kwa nini wazee wangu walinificha? Mchekeshaji anaonekana kuwa ndiye msema kweli, na kanisa linaonekana kama duka lenye bidhaa mbovu iliyofichwa nyuma ya kaunta.

Soma 2 Wafalme 2:23–25. Vijana 42 walipasuliwa na dubu wawili baada ya kumdhihaki nabii upara wake. Je, umewahi kulisikia fungu hili likielezwa kwa utulivu, au umelisikia tu pale mtu mzima alipotaka kuwatisha watoto wasimcheke?

Na kuna jambo jingine ambalo ni haki kulikiri. Sisi wenyewe tulianza kuvifanya visa hivi kuwa vya furaha. Tunawafundisha watoto wa miaka mitano kuimba juu ya kuta za Yeriko kwa kupiga makofi na kuzunguka, wala hatuwaambii ni nani aliyekuwa ndani ya kuta. Mtoto huigiza Daudi akikata kichwa cha Goliathi kwa upanga wa ukuni, na akina mama hucheka kwa upendo. Hakuna ubaya wote katika hilo. Mtoto hupewa chakula anachoweza kutafuna. Lakini asiyepewa kingine hata anapofika miaka 20, amefundishwa na kanisa lake kwamba damu katika Biblia si damu hasa.

JUMATATU
Kicheko Kilichomo Ndani ya Neno

Soma Waamuzi 3:12–30. Ni nani anayechekwa katika kisa hiki, na ni nani wanaocheka?

Mtu akisema Biblia haina kicheko, hajasoma kisa cha Ehudi kwa sauti. Mfalme Egloni ni mnene kupita kiasi. Muuaji anatumia mkono wa kushoto, ambao walinzi hawakuutazamia. Upanga unazama mpaka mafuta yanaufunika. Watumishi wanasimama nje ya mlango uliofungwa, wanasubiri na kusubiri, wakidhani bwana wao yuko msalani. Isome sura hiyo mbele ya darasa la watu wazima, polepole, nawe utasikia watu wakijizuia. Wengine hawatajizuia. Mwandishi mtakatifu alijua anachofanya.

Lakini tazama fungu la 14. Waisraeli walikuwa wamemtumikia Egloni miaka 18. Kicheko hiki ni cha watu waliobeba kodi mgongoni kwa miaka 18, wakimcheka yule aliyenenepa kwa kodi hiyo. Kadhalika Eliya juu ya Karmeli (1 Wafalme 18:27) aliwadhihaki manabii wa Baali waliokula mezani pa malkia, wakati yeye alikuwa mmoja na wao walikuwa 450.

Wayahudi hata leo hukisoma kitabu cha Esta kwa sauti katika sikukuu ya Purimu, na kila jina la Hamani linapotajwa, watoto na wazee hupiga kelele na kutikisa kayamba mpaka jina lisisikike. Ni usomaji wa kelele na kicheko, juu ya kitabu chenye mti wa kunyongea na hesabu ya wafu 75,000 (Esta 9:16). Hakuna awezaye kuwaambia watu hao kwamba wanakosa adabu. Kisa hicho kinahusu amri ya kuwaangamiza wao wenyewe, watoto na wanawake pamoja, kwa siku moja.

Basi kicheko peke yake si dhambi ya mchekeshaji. Kinachotakiwa ni kuuliza kinatoka upande gani wa upanga. Katika Waamuzi 19 hakuna mfalme mnene wa kuchekwa. Yuko mwanamke mmoja asiye na jina, ambaye hasemi neno hata moja toka mwanzo wa sura hadi mwisho, na mikono yake imefika kizingitini. Atakayecheka hapo atakuwa anamcheka nani?

JUMANNE
Mtani Huchimba Kaburi

Watanzania wanayo elimu ya kale juu ya kicheko na kifo, nayo ni utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali miaka ya 1878 hadi 1882. Leo wajukuu zao ni watani, na Mngoni anaweza kumwambia Mhehe neno ambalo mtu mwingine akilisema patakuwa na ugomvi. Kusini nako utani umejaa, wa makabila na wa koo, na sehemu kubwa yake ulizaliwa palipokuwa na mikuki. Waliouana walitafuta njia ya kuishi jirani, na njia waliyoipata ilikuwa mzaha.

Utani huonekana hasa msibani. Wafiwa wamekaa mkekani, na ghafla mtani anaingia akiiga jinsi marehemu alivyokuwa akitembea, au akilia kwa sauti ya uongo kumdai deni. Pengine hushuka kaburini na kulala humo, akikataa kutoka mpaka apewe chochote. Mgeni asiyejua mila atashtuka. Wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka, na hakuna anayekasirika.

Kwa nini hawakasiriki? Kwa sababu mtani huyo ndiye aliyeamka alfajiri akachimba kaburi. Ndiye aliyebeba maji, akapasua kuni, akasimamia chakula cha waombolezaji. Anafahamika kwa jina na kwa ukoo. Na siku msiba utakapokuwa kwake, yeye naye atataniwa vilevile. Asiye mtani akithubutu kufanya hivyo, hatasamehewa kwa urahisi. Wazee hawana haja ya kuandika kanuni hiyo. Kila mtoto anaijua.

Sasa itazame pwani ya Mtwara na maingilio ya Mto Ruvuma. Mto huo ni mpaka kwenye ramani, lakini Wamakonde wako ng'ambo zote mbili, na watu wameoana, wamelima na kuzikana kwa kuvuka na mitumbwi toka zamani. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia, mkoani Cabo Delgado, Msumbiji, na tangu hapo vijiji vingi vya mkoa huo vimeona nyumba zikichomwa na watu wakichinjwa. Katikati ya Oktoba 2020 washambuliaji walivuka mto wakaingia Kitaya, upande wa Tanzania. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, na Mkuu wa Jeshi la Polisi wa wakati huo, Simon Sirro, akalithibitishia taifa tukio hilo. Tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya mji wa Palma, ambao si mbali na mto. Maelfu walikimbia, wengine kwa miguu porini, wengine kwa majahazi.

Kwa hiyo mtu asomapo Waamuzi 19 kwa sauti hapa Mtwara, mwili uliokatwa vipande si jambo la kale la Mashariki ya Kati. Tuseme jirani wa kile chumba cha kurekodia ni mama anayekaanga mihogo asubuhi, ambaye ana kaburi ng'ambo ya mto na hajaliona. Vijana wanakijaribu kipindi chao kwa spika ili wasikie kama sauti imekaa vizuri. Mama anasikia fungu, halafu kicheko. Anasikia fungu jingine, halafu kicheko. Huenda hata hajui kwamba kinachosomwa ni Biblia; huenda yeye ni Mwislamu, kama walivyo majirani wengi wa pwani hii, na akadhani ni habari za huko kwao.

Hao vijana hawakumchimbia kaburi mtu yeyote. Hawajambebea mama huyo ndoo ya maji. Na kicheko chao hakiwezi kurudishiwa, kwa sababu msikilizaji wa podikasti hana njia ya kumtania msemaji. Hapo ndipo utani unapokwisha na jambo jingine linapoanza.

Hata hivyo, usiwahukumu wote kwa kipimo kimoja. Baadhi ya wanaovicheka visa vya Biblia mtandaoni walilelewa makanisani, wakachapwa kwa mafungu ya Biblia, wakatishiwa dubu wa Elisha. Watu kama hao wanaweza kuwa wanaizika imani yao ya utotoni, na kaburi hilo wamelichimba kwa mikono yao. Kabla ya kuwajibu, tungeuliza kwanza ni nani aliyeuua marehemu wao.

JUMATANO
Mfungwa Katikati ya Nguzo

Soma Waamuzi 16:21–31. Orodhesha yote waliyofanyiwa macho, mikono na heshima ya Samsoni kabla ya kuletwa hekaluni.

Biblia yenyewe ina habari ya kusanyiko lililotaka kuchekeshwa kwa mateso ya mtu. Wakuu wa Wafilisti walikuwa wamefurahi, sadaka zilikuwa zimetolewa kwa Dagoni, na juu ya dari walikuwapo wanaume na wanawake wapata 3,000. Ndipo wakataka kipofu atolewe gerezani alikokuwa akisaga ngano, awachezee. Hatuambiwi aliwachezea nini. Huenda alijikwaa tu huku na huku kama kipofu mgeni, na hilo likatosha. Kijana aliyemshika mkono ndiye peke yake aliyekuwa karibu kiasi cha kuona uso wake.

Wengi hukimbilia fungu la 30 kwa furaha: dari limeanguka, wenye mzaha wamepata haki yao. Na wako wahubiri wanaolitumia anguko hilo, pamoja na wale dubu, kama onyo kwa wachekeshaji. Huko ni kuisoma Biblia kwa haraka mno. Samsoni alikufa pamoja na waliomcheka, na ombi lake la mwisho lilikuwa juu ya macho yake mawili. Yakobo na Yohana nao walitaka moto ushuke juu ya kijiji cha Wasamaria kilichokosa adabu, na aliyewakemea alikuwa Yesu (Luka 9:51–56).

Soma Luka 22:63–65 pamoja na Marko 15:16–20. Unaona nini kinachofanana na kisa cha Samsoni?

Samsoni aling'olewa macho. Yesu alifunikwa macho, akapigwa, akatakiwa abashiri ni nani aliyempiga. Huo ulikuwa mchezo. Askari waliita kikosi kizima ili wenzao wasikose. Walikuwa na mavazi ya kuigizia, taji la kuigizia, na fimbo ya mwanzi. Walipiga magoti ya uongo. Kila mtu alikuwa na sehemu yake, na bila shaka walicheka sana, maana walikuwa vijana wenye kazi ya kuchosha katika mji wa ugenini. Hakuna mmoja wao aliyeangukiwa na dari.

Mwokozi anaufahamu upande huo wa kicheko. Yule aliyewekwa katikati ya wachekao, asiyeweza kuwaona, ndiye tunayemwabudu kila Sabato. Jambo hilo humgeuza msomaji. Hawezi tena kukaa juu ya dari pamoja na watu 3,000 na kuuliza tu kama tamasha lilikuwa zuri. Nafasi aliyopewa ni ya kijana aliyemshika kipofu mkono.

ALHAMISI
Kusoma kwa Sauti

Soma Nehemia 8:1–12. Torati ilisomwa wapi, kwa muda gani, na watu walifanya nini waliposikia?

Ezra alisoma hadharani mbele ya Lango la Maji, toka mapambazuko hadi adhuhuri, wakiwapo wanaume, wanawake na wote walioweza kufahamu. Walawi walizunguka wakieleza maana. Watu walilia. Hawakuachwa katika kilio. Waliambiwa waende wakale, na wampelekee sehemu yule asiyeandaliwa kitu. Usomaji ulioanza kwa kitabu uliishia kwa sahani mlangoni pa jirani.

Makanisa ya kusini yana kumbukumbu ya usomaji wa namna hiyo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, mfasiri wa Maandiko kwa Kiswahili, aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka pwani hadi Masasi, nao wakaanzisha makao hapo. Mwaka 1882 makao hayo yalivamiwa na Wangoni walioitwa Magwangwara. Watu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Waliobaki hawakuhitaji maelezo marefu kufahamu nyimbo na vilio vya kitabu cha Waamuzi.

Kwa darasa litakalotaka kuisoma Waamuzi 19 Sabato hii, yako mambo machache ya kutunza. Watoto wawe katika madarasa yao. Washiriki waambiwe mapema kinachosomwa, na anayetaka kutoka atoke bila kutazamwa, kwa maana huwezi kujua mwanamke gani katika darasa lako alipata kusukumwa nje ya mlango. Asome mtu mmoja, pasipo kuigiza sauti. Asikomee sura ya 19, kwa sababu anayekomea hapo hatajua kwamba kisasi kilichofuata kilikula maelfu ya watu, wala kwamba waliodai haki ya mwanamke mmoja waliishia kuwateka mabinti 400 wa Yabesh-gileadi na wengine waliokuwa wakicheza ngoma huko Shilo (sura ya 20 na 21). Kitabu hakimsifu mtu yeyote katika hayo. Fungu la 30 la sura ya 19 linawataka wasikiaji walifikiri jambo hilo, washauriane, na wanene. Basi, baada ya kusoma, kaeni kimya kitambo. Kisha neneni.

Binti wa Yeftha naye hana jina (Waamuzi 11:34–40). Binti za Israeli walikuwa wakienda kila mwaka siku nne kumkumbuka. Walipafahamu mahali pa kukisimulia kisa kama hicho, na walijua ni nani wa kukisimulia.

Mwalimu katika mfano wetu hakumpa kijana jibu la ndiyo wala hapana siku hiyo. Alimwambia, "Mwanangu, kabla hujawasomea wao, nisomee mimi. Sura zote tatu. Lakini tusisomee hapa kanisani. Twende tukakae barazani kwa yule mama wa mihogo, tumwombe ruhusa kwanza."

Kijana alinyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, pale siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

IJUMAA
Kwa Mafunzo Zaidi

Soma sura ihusuyo Samsoni katika kitabu cha Ellen G. White, Wazee na Manabii, na sura inayoeleza hukumu ya Yesu mbele ya Pilato katika Tumaini la Vizazi Vyote. Angalia katika sura zote mbili jinsi umati unavyoelezwa, wala si mfungwa peke yake.

Maswali ya Kujadili:

1. Kijana hakumaliza kumjibu mwalimu wake. Darasani, mmoja ajibu kwa niaba ya kijana, na mwingine kwa niaba ya rafiki zake wa podikasti. Wapeni rafiki hao hoja zao zenye nguvu zaidi, si zile dhaifu.

2. Je, kuna kisa katika Biblia ambacho kanisa lenu halijakisoma kwa sauti kamwe? Ni nani anayelindwa na ukimya huo: watoto, walioumizwa, au wazee wa kanisa?

3. Mshiriki mmoja anasema, "Mungu hadhihakiwi; tuwaache wachekeshaji, dubu wao wanakuja." Ungetumia mafungu gani ya juma hili kuzungumza naye kwa upole?

4. Katika eneo lenu, ni nani aliyefika hivi karibuni akikimbia vita? Anaishi nyumba ipi, na Sabato hii jioni ni nani kati ya wanadarasa atakayekwenda kumwona, akiwa amebeba nini?